Kwa Nini Sikuuombea Upepo Utulie

Neno la wiki: Mathayo 4:5-7, Matendo 27, Kumbukumbu la Torati 22:8



Tangu turudi kutoka kambi ya familia kule Diani mwezi wa Agosti, kuna swali linalozunguka katika vikundi vyetu vya nyumbani. Wengine wameniuliza uso kwa uso, wengine wameulizana kando kando, na hilo si neno. Swali ni hili: mtumishi akiombwa auombee upepo utulie, naye akakataa, je, huyo ana imani kweli? Na nyuma ya swali hilo kuna jingine kubwa kuliko hilo: imani inaishia wapi, na kumjaribu Mungu kunaanzia wapi?

Nimeona nijibu kwa maandishi, kwa sababu hapa hatuzungumzii upepo tu. Katika kanisa letu kuna mama anayemeza dawa ya presha kila asubuhi, kuna kijana wa boda boda aliyebandika maneno ya Damu ya Yesu kwenye tangi la pikipiki, na kuna baba anayetaka kuweka karo ya watoto kwenye biashara aliyoisikia jana. Jibu tutakalotoa kuhusu bahari ndilo hilo hilo tutakalowapa hawa.

YALIYOTOKEA

Familia sita ziliweka akiba kidogo kidogo tangu Januari. Tulipanda SGR, tukavuka feri ya Likoni, tukafika Diani jua likizama. Tulipiga hema chini ya mivinje, tukapika kwa sufuria zetu wenyewe, na asubuhi ya kwanza tumbili wakatuibia mkate. Mzee mmoja kati yetu, ambaye ameishi Kaloleni miaka mingi, alikuwa hajawahi kuiona bahari. Alivua viatu akasimama kwenye maji muda mrefu, hakusema kitu.

Agosti ni msimu wa upepo wa Kusi. Pwani yetu ina pepo mbili kubwa: Kaskazi, unaovuma kuanzia karibu Desemba hadi Machi, na Kusi, unaovuma kuanzia karibu Aprili au Mei hadi Septemba. Kwa karne nyingi majahazi yalikuja kutoka Uarabuni na Bara Hindi kwa Kaskazi, yakarudi kwa Kusi. Hakuna nahodha aliyekemea upepo ili aondoke mwezi anaoutaka yeye. Waliungoja.

Siku hizi Kusi huleta wageni wengine. Ukitazama baharini pale Diani mwezi wa Agosti utaona matiara makubwa ya rangi rangi yakielea hewani, na chini ya kila tiara mtu amesimama juu ya ubao, anateleza juu ya maji. Wenyewe wanauita mchezo huo kaitisafingi. Tiara lile halifanani na yale tuliyokuwa tukitengeneza kwa karatasi za nailoni na vijiti. Lina ukubwa wa mita za mraba 7, 9, hata 12. Linajazwa hewa kwa pampu, linashikwa kwa kamba za zaidi ya mita 20, na kamba hizo zinafungwa kwenye mkanda ulio kiunoni mwa mtu. Nguvu yake inaweza kumnyanyua mtu mzima kutoka majini.

Kati yetu kulikuwa na kijana wa miaka 17. Mjomba wake, anayefanya kazi Ukunda, alikuwa amemlipia masomo ya siku tatu kama zawadi. Mama yake hakulala usiku ule. "Pasta," aliniambia, "boda boda anahatarisha maisha akitafuta unga. Huyu anatafuta nini huko juu ya maji?" Weka swali hilo akilini, tutalirudia, kwa sababu ndilo swali gumu kuliko yote.

Siku ya kwanza nilikaa mchangani nikatazama. Mwalimu wake, kijana wa Kidigo, hakumpeleka majini kabisa. Alimfundisha kutazama miti, mawimbi na mawingu. Alimwambia upepo unaotoka nchi kavu kwenda baharini ni wa kukataa, hata ukiwa mtamu namna gani, kwa sababu utakupeleka nje na hautakurudisha. Alimwonyesha kwamba upepo ukizidi, tiara linapunguzwa. Kisha akamfundisha jambo moja mara nyingi hadi kijana akachoka: kuachilia. Kwenye ule mkanda kuna kifaa chekundu. Ukikisukuma, tiara linapoteza nguvu na kuanguka. Hata mikono ikitetemeka, hata macho yakijaa chumvi, lazima ujue kilipo. Nilishangaa kidogo. Nilidhani somo la kwanza lingekuwa kuruka.

Siku ya pili aliingia maji ya kiunoni, akiwa na helmeti na jaketi la kuelea, mwalimu kando yake. Siku ya tatu ndiyo ilikuwa ya kusimama juu ya ubao. Asubuhi hiyo anga ikawa nyeusi upande wa kusini, na upepo ukaanza kuvuma kwa vishindo: unatulia, halafu unapiga ghafla, halafu unatulia tena. Mwalimu alipima upepo, akatazama mawingu, akakunja tiara. "Leo hapana."

Kijana akanijia mbio. "Pasta, si Yesu alituliza dhoruba? Tuombe tu, itatulia, niende hata dakika kumi." Na mpendwa mmoja mtu mzima akasema, "Amen, Pasta, kemea huo upepo!" Watu wakakusanyika, wengine wakaanza kuinua mikono.

Nikasema, "Hatutaomba hivyo." Tuliomba, ndiyo. Tulimshukuru Mungu kwa siku mbili alizotupa, tukawaombea wavuvi wa pwani ile, ambao Kusi kikiwa kikali wengi wao hawavuki mwamba, na hivyo nyumbani hakuna kitoweo. Kisha tukaenda kupika chai. Tangu hapo ndipo maneno yalipoanza, ati Pasta ameogopa upepo.

SHETANI ALINUKUU MAANDIKO

Tuangalie Mathayo 4. Ibilisi alimweka Bwana wetu juu ya kinara cha hekalu akamwambia ajitupe chini. Na hakuja na maneno ya mtaani. Alikuja na Zaburi ya 91, zaburi tunayoikariri kila mkesha, kuhusu malaika kumchukua mtu mikononi mwao. Zaburi ni ya kweli, ahadi ni ya kweli, malaika wapo. Lakini Yesu alikataa, akajibu kwa neno la Musa kuhusu kutomjaribu Bwana.

Kwa nini? Kwa sababu hekalu lilikuwa na njia ya kushukia. Hakuna aliyekuwa akianguka. Hakuna mgonjwa aliyekuwa chini akisubiri kuponywa. Kuruka pale kungekuwa kutengeneza shida kwa mikono yako, kisha kumwita Mungu aje athibitishe kama yupo. Hilo ndilo walilofanya Waisraeli kule Masa (Kutoka 17). Kosa lao halikuwa kiu. Walitaka Mungu atoe ushahidi kwamba yuko pamoja nao, kana kwamba yeye ndiye aliye kizimbani.

Sasa linganisha na dhoruba ya Marko 4. Wanafunzi hawakuwa ufuoni wakichagua. Yesu mwenyewe ndiye aliyewaambia wavuke ng'ambo. Walikutwa na dhoruba wakiwa katika utiifu, na maji yalikuwa tayari yameingia chomboni. Mtu aliye ndani ya dhoruba kwa kumtii Bwana ana haki ya kulia, "Mwalimu, amka!" Lakini sisi tulikuwa tumesimama mchangani, tumekauka, chai iko jikoni. Tulichotaka kiponywe ni ratiba yetu tu.

Mtu ataniuliza, na Petro je? Si alitoka chomboni akatembea juu ya maji? Soma tena Mathayo 14. Petro hakuruka kwanza. Aliomba kwanza aamriwe, akangoja, akasikia neno moja, ndipo akaweka mguu. Na wale vijana watatu wa Danieli 3 hawakujitupa kwenye tanuru wakaita kamera. Walitupwa. Imani ya kweli hutii neno hata penye moto. Kumjaribu Mungu ni kuwasha moto mwenyewe, kisha kumpigia Mungu simu.

PAULO NA HALI YA HEWA

Kuna safari ya bahari katika Biblia ambayo naipenda sana, ya Matendo 27. Paulo alikuwa na ahadi. Katika Matendo 23:11 Bwana alimwambia waziwazi kwamba atashuhudia Rumi. Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kusema "chombo hiki hakizami, mimi nina neno," ni yeye. Lakini walipofika Bandari Nzuri, msimu wa kusafiri ukiwa umepita, Paulo ndiye aliyesema tusiondoke. Aliyekuwa na ahadi ndiye aliyeheshimu majira. Akida akamsikiliza nahodha na mwenye merikebu. Upepo wa kusini ukavuma polepole, wakaona mambo yamenyooka, wakang'oa nanga. Punde si punde tufani ya Eurakilo ikawashukia.

Sehemu ya pili ni tamu zaidi. Katikati ya tufani malaika alimwambia Paulo kwamba hakuna nafsi itakayopotea kati ya wote waliomo, nao walikuwa 276. Basi kazi imekwisha, sivyo? Hapana. Mabaharia walipotaka kutoroka na mashua ndogo, Paulo alimwambia akida kwamba hawa wasipobaki merikebuni, ninyi hamtaokoka. Ahadi imetolewa, na bado mabaharia wanahitajika! Mungu aliyeahidi mwisho ndiye aliyeweka njia ya kufikia mwisho huo. Na mwishowe walifikaje nchi kavu? Wengine waliogelea, wengine walishikilia mbao. Muujiza ulikuja na mbao.

Vivyo hivyo Hezekia. Mungu alimwahidi miaka 15 zaidi, kisha Isaya akaagiza tini zibandikwe kwenye jipu (2 Wafalme 20). Tini hazikupunguza utukufu wa Mungu hata kidogo.

LAKINI HUU SI MCHEZO TU?

Sasa turudi kwa swali la yule mama. Nahodha ana safari, boda boda ana unga, Paulo ana Rumi. Kijana wetu anatafuta nini? Je, si kuhatarisha maisha bila sababu, na je, huko si kinara cha hekalu kile kile?

Siwezi kulipuuza. Lakini Biblia haisemi kwamba furaha si sababu. Zaburi ya 104 inazungumza kuhusu bahari na merikebu zake, halafu inasema Mungu alimwumba lewiathani ili acheze humo. Acheze! Na Zekaria 8, nabii anapochora picha ya Yerusalemu uliorudishiwa baraka, anaweka wazee wamekaa na mikongojo yao, na njia zimejaa watoto wanaocheza. Watoto wetu wa Eastlands wana kiwanja kidogo sana cha kuchezea. Mtoto wa Kaloleni akionja upepo ambao Mungu aliuumba, akarudi na macho yanayong'aa, hilo si ubatili.

Hata hivyo, furaha haiwezi kununuliwa kwa bei yoyote. Chuoni niliposoma biashara tulifundishwa kwamba kabla ya kuweka pesa mahali popote unauliza mambo matatu: nitapata nini, nitapoteza nini, na ikiharibika, nani atalipa? Ninaamini kanuni hiyo ina msingi katika Luka 14, pale Yesu anapomsema mjenga mnara asiyehesabu gharama. Nami naiweka hivi: kadiri sababu yako ilivyo ndogo, ndivyo hatari unayoruhusiwa kuibeba inavyopaswa kuwa ndogo. Mama akiona mtoto anazama, ataingia majini hata kama hajui kuogelea, na hatutamlaumu. Mpiga mbizi wa uokoaji atatoka usiku kwenye mawimbi. Lakini anayekwenda kucheza lazima awe na helmeti, mwalimu, upepo mzuri, na moyo ulio tayari kusikia "leo hapana." Mchezo usioweza kuahirishwa si mchezo tena, umekuwa bwana wako.

Ndiyo maana siku ya kwanza na ya pili nilimwambia mama, mwache aende. Na siku ya tatu nikamwambia kijana, keti chini. Sikubadilisha imani kati ya Jumanne na Alhamisi. Imani ilikuwa ile ile, upepo ndio uliobadilika. Yule Mzee wetu, mtu wa kutoka kando ya Ziwa Victoria, alimwambia kijana kwa upole, "Mjukuu wangu, maji hayajui jina la mtu. Kurudi kesho si kushindwa."

KUNA SHIMO UPANDE WA PILI PIA

Mtu asichukue mahubiri haya akayafanya kisingizio cha woga. Yule mtumwa aliyefukia talanta (Mathayo 25) alikuwa mwangalifu sana. Hakupoteza hata senti, na bwana wake alimkasirikia. Methali 22:13 inamcheka mvivu anayesema kuna simba nje, basi hawezi kutoka. Kuna wapendwa ambao hawajawahi kufungua hata meza ya kuuza mboga pale Burma, wala kuomba kazi, wala kumposa dada wa watu, na wanaita woga wao hekima. Usifiche hofu nyuma ya maneno ya Mungu, kama ambavyo hupaswi kuficha kiburi nyuma yake.

Mtu wa imani hujifunza upepo, hufunga mkanda, hujua mahali pa kuachilia, kisha huingia majini akimtegemea Mungu kwa yale asiyoyaweza. Hayo mawili yanakwenda pamoja.

TURUDI NYUMBANI

Sasa niseme kwa nini nimeandika kurasa hizi zote kwa ajili ya upepo wa asubuhi moja.

Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, pwani hiyo hiyo tuliyokwenda kupumzika, miili ya watu zaidi ya 400 ilifukuliwa. Wengi walifunga kula hadi kufa, wakiamini wanakwenda kukutana na Yesu. Kulikuwa na watoto. Wale hawakuwa watu wasioamini. Waliamini sana, lakini waliambiwa kwamba chakula, hospitali na shule ni adui wa imani. Kila ninapofikiria jambo hilo, kama mtumishi wa Mungu, moyo wangu unatetemeka. Hakuna anayeanzia Shakahola. Huanza kidogo: mtumishi anaombwa akemee kitu ambacho Mungu hakumtuma kukemea, na kwa sababu watu wamemtazama na wamesema amen, anaona aibu kusema hapana.

Kwa hiyo nasema wazi, na mnishike kwa neno hili. Katika kanisa hili tutawaombea wagonjwa, tutawawekea mikono, tutawapaka mafuta, na tunaamini Yesu anaponya hadi leo. Lakini hakuna mtu atakayeambiwa atupe dawa za kisukari, presha au ARV ili kuonyesha imani. Ukiponywa, nenda kwa daktari, apime, aseme yeye, kama wale wenye ukoma walivyotumwa kwa makuhani. Mungu haogopi vipimo.

Wewe wa boda boda, Damu ya Yesu na helmeti havishindani. Vaa, na mpe abiria yake pia. Wewe unayeombea mkeka wa kamari kwenye simu, hapo umemleta Mungu kwenye kinara kabisa, na kodi ya nyumba ndiyo uliyoitupa chini. Na wewe uliyebarikiwa kujenga nyumba ya kupangisha, soma Kumbukumbu la Torati 22:8. Mungu aliwaagiza watu wake wajenge ukuta pembeni ya dari, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Si mnakumbuka Huruma, Aprili 2016? Jengo la ghorofa liliporomoka usiku wa mvua na karibu watu 50 wakafa. Nguzo imara ni ibada. Kibali halali ni ibada. Na angalieni, sheria ile inamlinda mgeni, si mwenye nyumba. Kila mara jiulize: imani yangu ikikosea hesabu, nani ataanguka? Kama ni mtoto wako, mpangaji wako au abiria wako, huna ruhusa ya kuiita imani.

MASWALI YA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Je, kuna jambo unalomwomba Mungu azuie madhara yake, na wewe mwenyewe una uwezo wa kuacha kulifanya?

2. Je, kuna jambo Mungu amekuambia ulifanye, na wewe unasema kuna simba nje?

3. Katika uamuzi ulio mbele yako mwezi huu, mambo yakienda vibaya nani atalipa?

TUOMBE

Baba, wewe ndiwe uliyeumba bahari na pepo zake. Tupe ujasiri wa kuingia pale unapotutuma, na unyenyekevu wa kubaki ufuoni usipotutuma. Walinde wavuvi, madereva na watoto wetu. Wape watumishi wako uwezo wa kusema hapana mbele ya mkutano unaosema amen. Katika jina la Yesu. Amina.